Nanaa ya Kivulini: Hesabu Ndoo Zako Kabla Hujapokea Oda



Leo naleta somo la mmea mmoja unaonukia, unaopenda kivuli, na unaoweza kukuingizia hela kila wiki hata kama umepanga chumba kimoja na huna shamba. Ni nanaa, wengine tunaita minti. Nitaeleza kupanda, kuvuna, kufunga na kuuza mtandaoni. Pia nitakueleza siku niliyompoteza mteja mkubwa kuliko wote niliowahi kuwa nao, maana kosa nililofanya mimi naliona kila siku kwa wauzaji wa mtandaoni, hata wasiouza majani.

Posti ni ndefu. Kama huna muda sasa hivi ihifadhi, usome usiku ukiwa umetulia.

Kwa wasionijua: nauza viungo na majani ya chai hapa Mbagala. Kidogo nauzia dukani, zaidi kwenye status ya WhatsApp na Instagram. Niliishia kidato cha nne. Kilimo sijasomea, nimejifunza kwa kuharibu, kwa kuwauliza wauza miche wa barabarani, na kwa kuandika kila kitu kwenye daftari.

1. KWA NINI NANAA

Nyumba ninayopanga ina upenyo kati ya ukuta wa chumba changu na ukuta wa uzio, upana wake kama hatua mbili. Jua linaingia asubuhi mpaka saa nne hivi, baada ya hapo ni kivuli mpaka jioni. Nguo pale hazikauki. Niliwahi kupanda mchicha ukatoka mwembamba kama uzi. Mama mwenye nyumba alikuwa anawekea matofali yaliyobaki.

Siku moja mteja wangu wa iliki akaniandikia, "Dada, na nanaa unayo? Mzee wangu hanywi chai bila nanaa." Sikuwa nayo. Nikaenda sokoni nimnunulie, nikakuta imeshanyauka imelala kwenye gunia. Nikaanza kuulizia: muuza juisi wa njia panda, mama mmoja wa mgahawa, dada anayepika futari za oda. Wote wakasema maneno yanayofanana. Nanaa ipo, ila ya kuvunwa leo leo kuipata ni shida.

Hapo nikapiga hesabu nyingine. Mteja akinunua iliki robo kilo, namuona tena baada ya miezi miwili. Nanaa mbichi inakaa siku chache tu. Anayeipenda atarudi wiki ijayo, na akirudi anakumbuka kwamba na tangawizi imemuishia. Yaani nanaa yenyewe ni hela ndogo, ila inamrudisha mteja kila wiki. Wewe unayeuza vitu vya mteja kununua mara moja kwa miezi, hilo lifikirie vizuri.

2. IJUE KABLA HUJAIUZA

Neno nanaa limetoka kwenye Kiarabu, na nchi za Kiarabu chai ya nanaa ni kitu cha kila siku. Huku kwetu utasikia nanaa na minti, lakini aina zipo zaidi ya moja na wateja wanazitofautisha kwa ulimi.

Ya kwanza ina majani ya kijani kilichoiva, yenye ncha na kingo za msumeno, yameshika kwenye shina karibu bila kikonyo. Harufu yake ni tamu, haichomi. Hii ndiyo inafaa chai na juisi.

Ya pili ina majani ya kijani cheusi zaidi, kila jani lina kikonyo chake, na mara nyingi shina linaelekea zambarau. Ukiitafuna unasikia baridi kali mpaka puani, kama pipi kifua. Wapo wanaoipenda, ila ukimpa mtu wa chai bila kumwambia anaweza kulalamika kwamba umempa dawa.

Zote shina lake lina pembe nne. Ukilizungusha kwenye vidole utazisikia. Hiyo peke yake haitoshi kuitambua, maana kivumbasi na mrihani nao ni ndugu zake na mashina yao yako hivyo hivyo. Vidole vikishathibitisha pembe nne, saga jani unuse.

Na usije ukachanganya mahitaji yao. Mrihani na mchaichai vinataka jua. Ukiviweka kwenye upenyo kama wangu vitakudhoofikia. Nanaa ndiyo inayostahimili kivuli.

3. KIVULI SI GIZA

Hapa wengi wanaharibu. Wakisikia mmea unapenda kivuli wanauweka chini ya ngazi au nyuma ya choo ambako hata mchana unawasha tochi. Nanaa ikikaa gizani inarefuka, mashina yanakuwa membamba, majani yanakuwa mbali mbali na meupe meupe, na harufu inapungua. Mteja anaona fungu kubwa, akitia kwenye chai hasikii kitu.

Ikikaa jua la mchana kutwa nayo, kwa joto letu la Dar na ndani ya ndoo, udongo unakauka haraka, majani yanalegea saa saba na kingo zinaungua. Inaweza kuishi, ila utamwagilia mpaka uchoke.

Mahali pazuri ni panapopata jua la asubuhi saa tatu au nne, halafu kivuli chenye mwanga. Kipimo changu ni rahisi: simama pale saa nane mchana na ujaribu kusoma maandishi madogo ya kwenye pakiti ya chumvi. Ukisoma bila kukunja uso, nanaa itakaa. Ukishindwa kwa sababu ya giza, tafuta sehemu nyingine.

Kabla hujaweka hata ndoo moja, ongea na mwenye nyumba. Mimi nilienda kwa heshima, nikamwambia, "Shikamoo mama, naomba nitumie pale penye matofali, nitayapanga upande mmoja." Akasema, "Marahaba mwanangu, tumia, ila ukinitilia mbu hapa unaondoa zote." Hilo la mbu tutalirudia.

4. KUPANDA

Usihangaike na mbegu. Mbegu za nanaa ni ndogo sana, zinachelewa, na nanaa za aina tofauti zinachanganyika kirahisi, kwa hiyo unachootesha kinaweza kisifanane na mama yake. Ile aina yenye baridi kali kwa kawaida haitoi mbegu za kuotesha. Tumia vitawi.

Nunua fungu moja bichi sokoni, lisiwe limenyauka, au omba kwa mtu mwenye nayo. Fungu langu la kwanza lilinigharimu shilingi 500, na kwenye fungu hilo nilipata vitawi kumi na moja. Huo ndio mtaji wa mbegu.

Kata kitawi chenye urefu wa kama kiganja, sentimita 10 mpaka 15. Kata chini kidogo ya kifundo, pale majani mawili yanapotokea. Ondoa majani ya chini, acha ya juu manne au sita. Weka kwenye glasi ya maji kivulini, jani lisiguse maji. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, ukichelewa yananuka na shina linaoza. Baada ya wiki moja mpaka mbili utaona mizizi myeupe. Ikifika urefu wa kidole gumba, hamishia kwenye udongo.

Chombo changu ni ndoo ya lita 20 iliyopasuka, zile zinazouzwa bei ya kutupa. Usiipande ardhini kama eneo si lako. Nanaa inatambaa chini kwa chini na kuibuka kila mahali, na kuing'oa yote ni kazi ya miezi. Kwenye ndoo inakaa na adabu.

Toboa matundu sita mpaka nane chini ya ndoo kwa msumari wa moto, yawe mapana yanayopitisha kidole kidogo. Tandika kokoto chache au vipande vya matofali. Udongo wangu ni madebe mawili ya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Huku kwetu udongo una mchanga tayari. Kama wako ni mfinyanzi unaoshikana, ongeza debe moja la mchanga.

Kila ndoo nilipanda vitawi vitatu. Vikishika na kufika urefu wa kiganja, katika vichwa vyake. Usione huruma. Ukikata juu ya kifundo, pale pale yanachipua matawi mawili. Usipokata, utabaki na shina moja refu lisilokuwa na kitu.

Maji: udongo uwe na unyevu muda wote, usiwe tope. Chovya kidole mpaka kifundo cha kwanza. Kikitoka kikavu, mwagilia. Usimwagilie kwa ratiba, mwagilia kwa kidole.

Na angalia maji yenyewe. Mwezi wa kwanza nilitumia maji ya kisima cha jirani kwa sababu ni ya bei nafuu. Majani yakaanza kukauka kingo, kahawia, kama yamepitiwa na pasi. Nikadhani ni ugonjwa. Kumbe kisima kile kina chumvi, kama vingi vya huku pwani. Nikahamia maji ya bomba na ya mvua, majani mapya yakatoka mazima. Maji ukiyaonja ukasikia chumvi, usimpe nanaa.

Na visahani vya kukingia maji chini ya ndoo ondoa. Ndimo mbu wanamotagia. Weka ndoo juu ya vipande viwili vya matofali maji yapite.

5. WADUDU NA MAGONJWA

Sitazunguka hapa, maana ukikagua kila asubuhi utayaona mapema.

Wadudu mafuta wanakaa kwenye ncha changa wakiwa wamejazana. Waoshe kwa maji yenye nguvu kidogo. Wakizidi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni hasa chini ya majani, asubuhi suuza kwa maji safi. Ndoo hiyo usiivune wiki hiyo.

Kutu ya majani ni vidoti vya rangi ya chungwa upande wa chini. Hii haina huruma. Kata mashina yote yenye dalili, yatoe nje ya nyumba, usiyatupe kwenye mboji. Ndoo nzima ikishaingia kutu, itoe kabisa na udongo wake.

Sumu za dukani sipulizi. Mtu anachukua jani hili anatia kwenye chai ya mtoto wake jioni hiyo hiyo.

6. SIKU NILIYOKATA KILA KITU

Sasa sikiliza vizuri.

Nilipofikisha ndoo 14 nilijiona mkulima. Nilipiga picha moja, nimeinama na simu chini kabisa, ndoo zikaonekana kama shamba zima. Nikaweka status: "Nanaa fresh, oda yoyote tunatimiza." Neno "yoyote" ndilo lililoniponza.

Ilikuwa wiki ya pili ya Ramadhani. Yule dada wa futari akanipigia. Alikuwa na shughuli ya watu wengi Jumamosi, juisi na chai. Anataka mafungu 60. Bei nikamfanyia 800 kwa fungu, jumla 48,000. Akatuma nusu hapo hapo, 24,000. Sikuwahi kutumiwa hela nyingi hivyo kwa majani. Jioni ile ile nikaitumia kununua iliki, maana iliki ilikuwa imeniishia.

Ndoo zangu 14 sikuwahi kuzihesabu kwa mafungu. Nilizihesabu kwa ndoo, nikaona ni nyingi. Kati yake tisa ndizo zilikuwa zimekomaa. Tano zilikuwa na wiki tatu tu. Ndoo iliyokomaa, ukikata bila kuiumiza, kwangu inatoa mafungu matatu ya gramu 40. Tisa mara tatu ni 27. Darasa la tatu wanaijua hesabu hiyo. Mimi sikuifanya.

Ijumaa saa nane mchana, jua kali, nikaingia na mkasi. Nilipofika fungu la 25 nikaona ndoo kubwa zimekwisha. Nikarudia, nikakata mpaka kwenye udongo. Nikaingia kwenye zile changa nazo nikazinyoa. Nikapunguza fungu, kutoka gramu 40 kwenda 30, nikijiambia hatapima. Mwisho nikapata 40. Nikaosha zote, nikazifunga na maji yake kwenye mfuko mmoja mkubwa wa nailoni, nikakaza, nikaweka chini kwenye kona ya chumba.

Jumamosi asubuhi mfuko ulikuwa wa moto kwa ndani. Majani ya katikati yalikuwa meusi, yanateleza. Yaliyopona yalitosha mafungu kumi na nane.

Nikampelekea mwenyewe kwa daladala, nilikuwa naogopa kumtuma boda na aibu yangu. Alikuwa jikoni, masufuria yako motoni, wasaidizi wanamsubiri. Akafungua, akaangalia, hakunigombeza. Akasema, "Mdogo wangu, ungeniambia una ishirini ningekushukuru, ningetafuta arobaini kwingine tangu Alhamisi. Sasa saa hizi nitazipata wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimuachia zile kumi na nane bure. Deni la 24,000 nilienda kumkopa mama mwenye nyumba, nikamrudishia dada wa watu siku ile ile. Mama aliniuliza tu nitalipa lini. Nililipa kwa awamu tatu, na iliki niliyoinunua nikaiuza bila faida ili nimalize deni. Dada wa futari hajaagiza tena kwangu mpaka leo. Status zangu anaziona.

Na ndoo? Nanaa ni ngumu, ukiikata mpaka chini huwa inachipua tena kutoka kwenye mizizi. Lakini mimi niliendelea kumwagilia kama mwanzo, wakati hakukuwa na jani la kuyanywa maji yale, na ndoo nyingine matundu yalikuwa yameziba. Zile tano changa zote zilioza. Kati ya tisa zikabaki saba.

Sikuangushwa na ukame wala mdudu. Niliahidi kitu ambacho sijakihesabu.

7. HESABU NINAYOITUMIA SASA

Sasa hivi nina ndoo 24. Nimezigawa makundi manne ya ndoo sita, kila kundi nimelifunga kitambaa cha rangi yake. Wiki ya kwanza navuna kundi jekundu, ya pili la kijani, ya tatu la njano, ya nne jeupe. Wiki ya tano narudi kwenye jekundu, linakuwa limeshapumzika wiki nne.

Ndoo sita mara mafungu matatu ni 18. Oda ninazopokea ni 15. Yale matatu ni ya dharura: kutu ikitokea, kuku wa jirani akipita, au mteja akilalamika nimpe jingine. Yasipotumika, nakunywa chai.

Mafungu 15 kwa 1,000 ni 15,000 kwa wiki, 60,000 kwa wiki nne. Toa maji na mbolea. Sikudanganyi kwamba utajenga nyumba. Ila wateja hawa 15 karibu wote wanaongeza kitu, tangawizi kavu, mdalasini, majani ya chai, na hapo ndipo faida yangu ilipo.

Kitu kingine, ndoo changa haihesabiwi. Tangu kuhamishia mche kwenye ndoo mpaka mavuno ya kwanza ya maana, kwangu inachukua wiki sita mpaka nane. Kabla ya hapo, kwenye daftari inaandikwa sifuri.

Wewe unayeuza mitumba, keki au viatu, badilisha neno "ndoo" uweke lako. Oveni yako inatoa keki ngapi kwa siku? Fundi wako anamaliza nguo ngapi kwa wiki akiwa mzima, na ngapi umeme ukikatika? Hiyo ndiyo namba ya kuweka status, na uiweke ikiwa imepunguzwa.

8. KUVUNA NA KUFUNGA

Vuna asubuhi, saa kumi na mbili mpaka saa moja, kabla jua halijapanda. Majani yanakuwa yamejaa maji na harufu. Kata juu ya kifundo, acha shina lenye vifundo viwili au vitatu na majani kadhaa. Nachukua theluthi mbili, theluthi moja inabaki kulisha mizizi. Baada ya kuvuna nampa kila ndoo kiganja cha samadi iliyooza, na maji napunguza mpaka nione machipukizi.

Usioshe kama haina udongo. Mwambie mteja aoshe mwenyewe kabla ya kutumia. Kama umelazimika kuosha, kung'uta na tandaza kivulini mpaka maji ya juu yakauke. Pima kwa mzani, gramu 40 kila fungu, funga kwa uzi kwenye mashina. Simamisha mafungu kwenye kopo lenye maji kidogo kama maua. Wakati wa kusafirisha, viringisha mashina kwa kitambaa au karatasi yenye unyevu, majani yabaki na hewa.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo hata kisheria ule mfuko wangu wa nailoni ulikuwa kosa. Natumia mifuko ya karatasi ya kaki, naandika tarehe ya kuvuna kwa kalamu. Tarehe hiyo imeniletea wateja kuliko picha yoyote.

Mteja mpe maelezo mafupi: isimamishe kwenye glasi ya maji, au ifunge kwa kitambaa chenye unyevu uiweke kwenye friji mbali na barafu. Ikigusa barafu inakuwa nyeusi.

9. KUUZA MTANDAONI

Tatizo la nanaa ni nauli. Fungu ni 1,000, boda ni 2,000 au 3,000. Hakuna mtu mwenye akili atakayelipa hivyo kila wiki. Nilivyofanya mimi:

Siku ya kupeleka ni moja, Jumamosi. Oda nafunga Alhamisi saa mbili usiku. Boda mmoja ninayemwamini anapita njia moja, Mbagala, Mtoni, mpaka Temeke, wateja wanagawana nauli. Aliye nje ya njia hiyo namwambia ukweli, achukue na viungo vya kutosha ili nauli isimuume, au aje dukani.

Posti yangu ya kila Jumatano iko hivi:

"Nanaa ya kuvunwa Jumamosi alfajiri. Mafungu 15 tu, gramu 40, sh. 1,000. Yakiisha yameisha, tunaonana wiki ijayo. Oda mwisho Alhamisi saa 2 usiku."

Mafungu yakiisha nafuta na kuandika "Zimeisha". Mwanzoni niliona kama nafukuza hela. Baadaye nikaona watu wanaagiza Jumatano ile ile.

Picha piga ndoo ya wiki hiyo, sio ya mwaka jana. Piga kwa mwanga wa asubuhi, weka fungu juu ya mzani ili namba ionekane. Simu usiishushe chini kutafuta shamba ambalo huna.

Usiandike kwamba inatibu. Utaona kurasa zinasema nanaa inatibu kisukari, presha na kila kitu. Wewe andika inanukia, ni ya chai na juisi, imevunwa leo. Mtu akiacha dawa zake kwa sababu ya status yako, utamwambia nini?

Malipo ya oda kubwa nachukua nusu, ila hela hiyo siigusi mpaka mzigo ufike. Inakaa kwenye laini nyingine isiyotumika kwa duka. Iliki isubiri.

Na miche iuze pia. Kila ninapokata vichwa, baadhi naviotesha kwenye makopo ya maziwa, nauza 3,000 mche uliokwishashika. Watu wanasema najitengenezea washindani. Hadi sasa wengi wanaonunua mche wanarudi kununua fungu, maana walimwagilia maji ya chumvi.

10. KAZI YA WIKI HII

Chukua daftari. Andika kitu kimoja unachouza. Andika kwa uhakika unaweza kutoa vingapi kwa wiki bila kumuumiza mtu wala kukopa. Toa vitatu. Namba inayobaki iandike kwenye status yako kama ilivyo.

Kama una upenyo wa kivuli nyumbani, nunua fungu la 500 kesho, weka vitawi kwenye glasi, halafu nitumie picha mizizi ikitoka. Maswali weka hapo chini, nitajibu usiku nikifunga duka.

Mwezi uliopita kuna mama wa mgahawa alitaka mafungu 40 kwa siku moja. Nilimwandikia, "Mama, nina 15 za uhakika, zilizobaki nakuelekeza kwa mwenzangu." Alichukua 15, na wiki iliyofuata akazichukua tena.

Kazi njema, wapambanaji.